Upande Mwekundu Chini

2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba hamjambo, na macho yake hayajazidi kufifia. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua kwa kubeba makatoni stoo kutwa. Baba alisema vizuri kwamba tuandikiane tu, maana kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kugombana.

Kwenye bahasha kuna kipande cha gazeti. Mtazame mdogo wako, ukurasa mzima. Mwandishi alikuja chumbani kwangu, akalipiga picha lile sanduku letu la muziki, akazungusha vifundo mwenyewe, akasikia linavyonguruma na kulia. Anasema hajawahi kuona sinthesaiza iliyotengenezwa nyumbani tangu msumari wa kwanza. Sasa nimealikwa kuipiga ukumbini mbele ya watu mia tatu, tarehe 20 Aprili, saa kumi jioni.

Shida ni moja. Katika vile vipande vilivyopangwa ndani yake, moduli ya tatu kutoka kushoto, kile kichujio, imekufa. Bila hicho sauti zinatoka mbichi, zinakwaruza masikio. Nimejaribu kukitengeneza nimeshindwa, mikono yangu unaijua. Nitengenezee kingine, dada yangu. Bati la mbele liwe na upana uleule, vidole vitatu.

Msalimie mzee. Msomee hilo gazeti.

Ni mimi mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tupo, tunasukuma siku. Baba sasa haoni hata mwanga wa dirisha, anajua kumekucha kwa kelele za mtaani. Pole na mgongo. Makatoni ni mazito, bahati yako sanduku lilikuwa jepesi siku ile ulipoondoka nalo ukasema unaliazima wiki mbili. Mwaka wa sita huu.

Gazeti nimemsomea. Nilipofika pale uliposema, "Moduli zote kumi na mbili nimezitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe," akaniambia nirudie. Nikarudia. Akataka tena. Mara tatu nimeisoma kwa sauti, pasi ya kulehemu ikiwa mkononi, na mzee akatabasamu akasema, "Nilijua mmoja wenu angerithi mikono yangu." Mimi huyo, niliyekalia stuli yake dukani, ninayetengeneza redio za watu tangu macho yake yalipoanza kupotea. Nikamjibu ndiyo, baba. Ulitaka nimjibu nini?

Moduli kumi nilizitengeneza mimi. Ya kumi na moja tulisaidiana. Ya kumi na mbili haina kitu ndani, ni bati tupu la kuzibia tundu, na hiyo ndiyo yako, tena umelipinda. Mbao za sanduku nilizitoa kwenye mlango wa kabati la marehemu mama nikazipiga randa mwenyewe, wewe ukiwa umekaa kwenye ngazi unanisimulia utakavyokuwa maarufu.

Haya, kichujio hicho. Nimekifunga kwa fulana kuukuu ya baba kisivunjike. Mkanda wa waya wa kuingizia umeme nimeugundisha kabisa kwenye moduli ili usiuchezee. Unakumbuka ulivyochomeka kinyume ukaunguza zile tatu za mwanzo kwa mpigo mmoja, nikachapwa mimi kwa kuwa mimi ndiye mkubwa? Basi sikiliza vizuri. Upande mwekundu wa mkanda uwe chini, kama kawaida yetu. Chomeka, washa, umemaliza.

Dada yako.


28 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo tena. Afya yangu nzuri, mgongo umetulia. Mzigo umefika salama na lehemu zako zinang'aa kama shanga. Asante sana, na Mungu akuweke.

Kuhusu gazeti, usininunie. Watu wanapenda habari ya mtu mmoja. Ukianza kuwatajia dada, na baba, na duka la redio, wanachoka. Wewe una baba hapo na una duka. Mimi niachie hili moja.

Sijakichomeka bado. Mwenye ukumbi anataka nikichomeke palepale jukwaani, watu waone kifaa kipya kinavyoingia na sauti inavyobadilika. Najua utauliza kama nimekijaribu. Kazi yako huwa siijaribu, maana haijawahi kukosea.

Jambo jingine, nilitaka nikushtukize ila nashindwa kunyamaza. Onyesho likiisha sanduku nakurudishia. Nimeshaongea na dereva wa lori anayepita huko kwenu, mtalipokea mwanzoni mwa Mei. Lilikuwa lako, najua hilo. Najua tangu siku niliyolibeba.

Mdogo wako.


14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Usikichomeke.

Barua yako imekaa njiani siku kumi na saba, imenifikia leo. Nimekupigia simu tangu asubuhi, namba haipo tena, na hukuniambia umebadilisha. Naandika hii nikiwa nimesimama posta.

Mkanda niliugeuza makusudi. Mwekundu ukiwa chini, umeme unaingia mlango wa kutokea, na kwa jinsi nilivyouunganisha kwa ndani hautaunguza kichujio peke yake. Utaunguza zote. Nilidhani utakichomeka chumbani kwako, ukiwa peke yako, uone moshi, ujue huna la kufanya bila mimi. Nilitaka uje nyumbani na sanduku mikononi umwambie baba kwa mdomo wako ni nani aliyelitengeneza. Hasira zilinijaa, sikatai. Ile sentensi niliisoma mara tatu.

Sikujua habari za jukwaa. Sikujua unanirudishia. Zile kumi ndizo kazi pekee nilizowahi kutengeneza kwa kupenda, hizi nyingine ni redio za watu. Vipuri vyake vya mwisho nimevimalizia kwenye kichujio hiki, havipatikani tena, sitaweza kuzitengeneza upya hata nikitaka.

Kata mkanda kwa mkasi. Ukishindwa, chomeka mwekundu ukiwa juu. Nijibu hata neno moja.

Dada yako, nakuomba.


2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baba hajambo na wewe mikono yako haijambo. Mimi mzima wa afya.

Barua yako ilifika tarehe 23, onyesho likiwa limepita siku tatu. Nimeitunza, ipo kwenye begi la nguo.

Nilifanya ulivyonielekeza, upande mwekundu chini. Nikawasha. Sanduku likatoa sauti moja ya mbuzi anayekabwa, kisha moshi ukaanza kutoka kushoto, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Waliokaa mbele wakakohoa, wa nyuma wakacheka. Halafu nikakumbuka manung'uniko yako. Nikashika kipaza sauti nikawaambia ukweli, kwamba mimi sikutengeneza hata moja, kazi yote ile ni ya dada yangu, fundi redio, aliyefundishwa na baba yetu. Yule mwandishi alikuwa kiti cha mbele kabisa. Ameandika majina yako yote matatu bila kukosea herufi, na jina la duka akaliweka chini ya picha ya moshi.

Ulitaka utajwe, dada. Umetajwa.

Lile bati langu lililopinda ndilo pekee lililopona. Sanduku lipo kwenye lori, litafika wiki hii kama nilivyoahidi. Mbao za kabati la mama zimebabuka kidogo tu.

Kipande cha gazeti nilichoweka humu ni cha baba. Nimempigia jirani yenu mwenye duka la dawa amwambie mzee kwamba kinakuja, kwa hiyo atakuwa anakisubiri. Msomee. Akikuambia urudie, rudia.

Ni mimi mdogo wako.