Maelezo Yako Niliyoyafuta Kwenye Faili la Friji

Mzee Odhiambo,

Niko kwenye meza yako hapa Kaloleni. Kiti chako sijakikalia, nimeleta kile cha jikoni. Ni miezi miwili tangu tukuzike, na leo nakuandikia kwa sababu nimekosea, na mtu wa kumwambia ungekuwa wewe.

Lile faili la friji za chanjo, linaloambia mashine yetu ipige kengele friji ya kila zahanati ikifika joto gani, nimeliharibu. Nilitaka tu kubadilisha namba ya simu, yako itoke, yangu iingie. Nikaandika programu fupi ya haraka. Ikasoma namba zote, ikabadilisha simu, ikaandika faili upya. Namba zilitoka sawa. Lakini maelezo yako, yale uliyozoea kuandika kando ya namba kwa Kiswahili na Kijaluo, hayakurudi hata moja. Programu yangu haikuyahesabu kuwa kitu.

Na ulinionya! Ulichora mti kwa chaki pale sebuleni, mkeo Mama Atieno akagomba kwa sababu alikuwa ametoka kupiga deki. "Nyar Asembo, binti wa Asembo, faili ni mti," ulisema. "Zahanati ni tawi, joto ni jani. Maelezo nayo ni jani. Hata nafasi tupu. Ukibadilisha jani moja, mengine yasijue." Nilicheka. Nilidhani unapenda tu kazi ndefu.

Basi Wafula, mwenzangu mpya, akaona friji ya Asembo Bay ina kengele kwenye nyuzi sita wakati nyingine zote ni nane. Akadhani ni kosa, akaweka nane. Nitamlaumuje? Sentensi iliyosema kwamba kipimo cha friji hiyo husoma nyuzi mbili chini, niliifuta mimi. Juzi Sista Awino, muuguzi wa Asembo Bay, akanipigia: "Achieng, mashine yenu imenyamaza na friji yangu imepanda joto. Mzee angekuwa ashanipigia kitambo." Alikuwa ametumia kipimo chake cha mkono, akawahi kuhamisha chanjo kwenye sanduku la barafu. Zimepona. Mimi sijapona. Simu ikilia naikimbilia nikidhani ni friji nyingine, hata kama ni mamangu anauliza kama nimekula.

Mama Atieno amenipa flash yako, na nakala ya zamani imo, na maelezo yote. Nimeandika programu upya, safari hii kwa njia yako: inasoma faili lote kuwa mti, kila alama na kila neno mahali pake, kisha inaliandika tena. Niliijaribu kwanza bila kubadilisha chochote, nikalinganisha herufi kwa herufi. Faili lilitoka vilevile, hadi zile nafasi mbili ulizokuwa ukiacha baada ya koma. Nafasi mbili tu, Mzee, nikalia kama mtoto.

Halafu nikaweka simu yangu. Maelezo hayakutikisika. Asembo Bay imerudi kwenye sita.

Lakini bado naogopa. Maelezo yako nimeyasoma yote na kuyaelewa, isipokuwa mahali pamoja. Kwenye friji ya Obunga umeandika "Kik imul", usiguse, basi. Sababu hukuandika. Namba yenyewe ni nane, kama za friji nyingine. Nimeitazama tangu asubuhi. Usiguse nini? Ulijua, na nadhani uliona hakuna haja ya kuandika kwa kuwa ungekuwepo tukuulize.

Hupo. Kwa hiyo kesho asubuhi naenda Obunga na kipimo cha mkono, na nitakaa kando ya friji hiyo hadi nijue ulichokuwa ukijua. Nikishajua nitaandika sababu chini ya maneno yako, pamoja na jina langu, ili atakayekuja baada yangu asihangaike hivi.

Oriti, Mzee, kwaheri. Pumzika. Hapo ulipoandika, sitagusa.

Achieng