Sababu ya Safari

Asukulu, ndugu yangu,

Leo ni Jumamosi, saa kumi jioni, na kibanda changu cha baiskeli nimekifunga mapema. Wateja wawili nimewarudisha. Kiraka kimoja nimekibandika mara tatu kikatoka mara tatu, na wewe unajua mimi viraka huwa nabandika huku nagombana na watu, bila hata kuangalia. Kesho baada ya ibada nitamwambia mama yako ukweli wa siku uliyokufa. Nakuandikia ili nisipate pa kurudi nyuma.

Mama amekataa kula. Hajasema kwa mdomo kwamba amekataa, lakini miezi saba tangu tukuzike, anapika, anawapakulia watoto wa dada yako, kisha anakaa pembeni na kuwatazama. Tukimbembeleza sana anameza matonge mawili, anasema ameshiba. Wiki iliyopita alianguka kwenye foleni ya maji. Wanawake walimbeba hadi nyumbani, na mmoja akaniambia baadaye kwamba ndoo aliyokuwa nayo ilikuwa nzito kuliko yeye. Kliniki ya hapa kambini, Base Camp, wamempima, ugonjwa hawakuuona. Hawawezi kuuona. Mama anaamini kwamba ulikufa ukimtafutia chakula, na kwamba yeye ndiye aliyekutuma.

Unaikumbuka asubuhi ile. Ulikuwa umeinama unafungua mipira ya kufungia mizigo kwenye karia ya baiskeli, kama ulivyofanya siku zote tukitaka kwenda kutembea, ili asitokee mtu njiani wa kutubebesha gunia lake. Mama akatoka na sufuria tupu. Alikuwa ameamka vibaya. "Asukulu, unga imeisha, na weye unaenda tena kutembea? Mwanaume muzima! Enda utafute kazi. Usirudiye hapa mikono bure." Wewe ukacheka, ukamshika bega, ukamjibu, "Ndiyo Mama, leo naenda kutafuta kazi." Kisha ukanikonyeza mimi.

Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwako.

Wakati mwingine nakasirika nikikumbuka jinsi watu walivyotucheka. Hapa Nakivale, kambini kwetu wakimbizi, baiskeli ni punda. Ni ya mahindi, ya makaa, ya mgonjwa wa kupeleka kliniki. Vijana wawili wanaopanda baiskeli bila mzigo, polepole hadi kuku wanawapita, hao ni wavivu au wana wazimu. Jirani yetu yule mwenye kuuza chumvi alikuwa anapiga kelele tukipita, "Kutembea bure ni kazi ya bazungu! Nyinyi muko bazungu ya wapi?" Wewe ulimpungia mkono kama kiongozi wa nchi. Na siku nilipokuuliza mimi mwenyewe, maana hata mimi mwanzoni niliona ni upuuzi, ulinijibu kwamba sisi kutoka kwetu Fizi hadi hapa njia zote tumezijua kwa kukimbia. "Mimi nataka nione njia ikiwa haina mutu nyuma yangu."

Tukaziona. Ile njia nyembamba ya ukingo wa ziwa, mafunjo yakitupita urefu kulia na kushoto, na wewe unasimama kila mara eti umesikia ndege ambaye hujawahi kumsikia. Kule pembeni mwa hifadhi ya wanyama, punda milia wamechanganyika na ng'ombe wa wenyeji, Wanyankore, wanakula majani pamoja, na sisi tumekaa juu ya jiwe tunabishana nani kati yao ni mgeni. Mjini Mbarara, ile mitaa yenye maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza, ulikuwa unasoma miaka iliyochorwa juu ya milango kwa sauti. Ruharo ulikuwa unagusa matofali ya majengo ya kale ya misheni na kuuliza ni nani aliyeyachoma. Kisha Bwizibwera, maziwa, kikombe kikubwa kila mtu, na masharubu meupe tunarudi nayo.

Ila kila safari ilitaka karatasi. Nafikiri humo ndimo uongo wangu ulimozaliwa. Mara ya kwanza tulipokwenda ofisini kuomba ruhusa ya kutoka kambini, palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya safari, na wewe kwa moyo safi ukaandika "kutembea." Yule afisa alicheka hadi akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Wewe kijana, kutembea si sababu! Mtu natembea tu namna gani? Andika kazi. Andika natafuta kazi, mimi napiga muhuri." Tukaandika. Tangu hapo tuliandika hivyo kila mara, tukawa tunacheka njia nzima kwamba sisi ndio watafuta kazi wasiochoka Uganda nzima.

Sasa sikiliza. Siku ile mnyororo wangu ulitoka tukiwa pembeni mwa hifadhi. Fundi baiskeli mzima, mnyororo wangu mwenyewe. Ukasema utatangulia polepole, nitakukuta. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono imejaa grisi, nakusikia unaimba ile sehemu ya sauti ya pili ya kwaya ambayo mwalimu alikuwa anakukataza kuivuta. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno. Nilinyanyua kichwa nikaona mgongo wa mbogo, mmoja, mweusi, anarudi kichakani bila haraka yoyote. Na baiskeli yako gurudumu la mbele bado linazunguka.

Gari lililobeba makopo ya maziwa lilitubeba kuelekea hospitali ya Ruharo. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Uliniuliza kama mnyororo nimeurudisha. Nikasema ndiyo. Hukusema tena kitu. Hatukuwa tumefika hata mjini.

Na ile karatasi, hospitalini walikukuta nayo mfukoni mwa shati. Sababu ya safari: kutafuta kazi.

Matangani wazee waliniuliza, "Mulikuwa munaenda wapi?" Macho yote yalikuwa kwangu. Nikasema kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Mchungaji akahubiri juu ya mtoto mtiifu aliyetii neno la mama yake hadi kufa, watu wakalia, jina lako likapanda. Nikasikia mama anapiga ukelele ndani, "Ni mimi! Ni mimi nilimutuma!" Nikasikia, Asukulu. Nikainamisha kichwa. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikawa miezi saba, na ile karatasi mama ameiweka ndani ya Biblia yake, anaitoa anaisoma, anairudisha.

Nimekuwa nikijiambia kwamba ninalinda jina lako. Watasema alikufa kijinga, aliuawa na mnyama akiwa kwenye matembezi na kwao hakuna unga. Ni kweli wangesema. Lakini hiyo si sababu yangu, na wewe unaijua sababu yangu kwa kuwa ulikuwepo. Mama alipomaliza kugomba na kuingia ndani, wewe ulianza kuirudisha mipira kwenye karia. Ulisema, "Wilondja, labda leo tubaki. Mama ana haki." Ni mimi niliyeizuia mikono yako. Ni mimi niliyesema kazi haikimbii, twende. Nilitaka maziwa ya Bwizibwera! Nikakuvuta kama mbuzi, na sasa namwacha mtu mwingine abebe lawama yangu, tena mwanamke aliyenishika mkono siku tulipokimbia na wazazi wangu wakabaki, akanipa sahani na mkeka kama wewe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imekuwa ndefu, na anayeitembea ni yeye.

Kesho. Ee Mungu, kesho.

*

Ni Jumatano. Nimemwambia.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nilisema tu yakitoka yenyewe, kuanzia kwenye karatasi hadi kwenye mnyororo, hadi kwenye mipira uliyotaka kuirudisha. Alikuwa anaendelea kuchambua. Anatoa jiwe, analitupa, anatoa lingine. Nilipofika pale niliposema ni mimi niliyekuvuta, mkono ukasimama juu ya ungo.

Akaniuliza bila kunitazama, "Hakuwa anatafuta kazi?" Nikasema hapana, Mama. Akauliza, "Hata kidogo?" Hata kidogo. Akauliza tena kama ni kweli ulikuwa unaimba, nikasema ndiyo, sauti ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike niliona uso wake umelegea, kidogo tu, karibu na mdomo. Kisha akanigeukia, na kile nilichokiona machoni mwake sitaki kukuandikia. Akasema neno moja, "Enda."

Siku tatu sikulala vizuri. Nilikuwa nafungua kibanda na kukaa tu. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu mwenye bunduki. Nilifikiri, nimemwondolea lawama nikampa hasira, je, kama hasira nayo haijazi tumbo? Kila mwanamke aliyekuja mbio kutoka upande wa kwenu nilidhani ananiletea habari ya kifo.

Leo mchana dada yako alikuja kibandani. Hakunisalimia. Alisema mama ananiita, akageuka, nikamfuata nyuma hatua kumi.

Mama alikuwa amekaa mezani. Palikuwa na ugali, sombe ya majani ya muhogo, na dagaa kidogo. Sahani ilikuwa moja. Hakuniambia nikae, nikabaki nimesimama mlangoni na kofia mkononi. Akanawa. Akakata tonge, akalichovya, akala. Akakata lingine. Alikuwa ananitazama usoni kila alipotafuna, hakupepesa, na mimi sikuthubutu kuangalia chini. Alikula ugali wote, Asukulu. Alikula kama mtu anayelima shamba, bila kupumzika, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Alifuta sombe ya mwisho kwa kidole. Machozi yalikuwa yananishuka hadi kidevuni na sikuyafuta.

Alipomaliza alinawa tena, akakausha mikono kwa kitenge chake. Akasema taratibu, wala hakupandisha sauti: "Miezi saba ulikuwa unaniona nakufa njaa, na dawa ilikuwa mu kinywa yako." Akanyanyuka, akachukua sahani. "Sasa nimeshiba. Toka kwangu."

Nikatoka.

Sina la kujitetea, na sikuombi uniombee kwake. Jumapili hii nitasimama kanisani mbele ya mchungaji na watu wote, nitasema kwamba ulikuwa umetoka kutembea, kwamba ulitaka kubaki na mama yako, na kwamba mimi ndiye niliyekuvuta. Wacheke, wanitukane, watajua wenyewe. Na nakuahidi hili: kila Jumapili nitakwenda kupiga hodi kwake. Asipofungua nitarudi Jumapili nyingine, hata nikizeekea kwenye kizingiti.

Kwaheri, ndugu yangu. Udongo ukuwie mwepesi. Mimi nimebaki nje ya mlango, lakini mama yako anakula.

Wilondja