Jina la Mama Kwenye Kioo Cheusi

Mwanga, Kigoma
4 Machi 1997

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Huku hatujambo, kifua cha Baba kimepoa. Wewe je, na joto la Dar?

Nisaidie. Kazini, ofisi ya kupokea wakimbizi, nimepewa kompyuta ya kioo cheusi yenye majina ya wakimbizi elfu kumi na moja wa Burundi, pamoja na wazazi, vijiji na tarehe zao, faili moja kwa kila siku waliyoshuka ziwani. Mmoja wao, mama aitwaye Veneranda, anashinda barazani pa ofisi tangu Oktoba akimtafuta bintiye, Honorata. Nafungua faili moja moja, macho yananitoka, binti simwoni.

Mdogo wako, Evaline


Dar es Salaam
11 Machi

Evaline,

Marahaba. Mimi mzima, joto limenizoea.

Acha kufungua moja moja, utazeeka bure. Andika: copy *.txt wote.all. Nyota ni "kila faili", na zote zitamwagika kwenye kapu moja. Kisha utafute: find /i "veneranda" wote.all. Anayekimbia huweza kuficha jina lake, la mama yake hafichi. Wakija wengi, ongeza mwishoni mstari wima na kijiji chao: kwa mfano | find /i "muyange", au vyovyote kinavyoitwa.

Kaka yako, Vedasto


Mwanga
20 Machi

Kaka,

Shikamoo ya mikono miwili! Nilibonyeza, nikashika mdomo. Miezi mitano barazani, mashine imetumia muda wa kupiga chafya! Walikuja kina Veneranda kumi na tisa. Nikaongeza kijiji, ukabaki mstari mmoja: Brigita, miaka kumi na sita, kambi ya Kasulu, baba Gervasi. Ndiye, umri na jina la baba ni vilevile, alibadili jina lake tu. Mama Veneranda alilia mpaka na mimi nikalia.

Lakini pembeni ya jina la mama pameandikwa "marehemu". Binti aliona nyumba yao ikiungua, akadhani mama yake yumo ndani. Sasa kibali cha lori hakitoki, eti marehemu hasafiri! Mkuu wetu wa ofisi kakubali lirekebishwe, ila hakuna ajuaye namna.

Mdogo wako, Evaline


Dar es Salaam
27 Machi

Evaline,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu.

Andika edit, kisha jina la faili la siku aliyoshuka binti. Fika kwenye neno kwa vitufe vya mishale, ulifute, uhifadhi. Ila usilifute wewe. Mkuu akiridhia, mwite Mama Veneranda alifute mwenyewe.

Kaka yako, Vedasto


Mwanga
5 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima, na leo neno hilo nalisema kwa moyo.

Alilifuta mwenyewe, kwa kidole kimoja, mara nane. Kila herufi ikitoweka alisema kwa Kirundi, "Ndiho," nipo hai. Mkuu alisimama nyuma yetu.

Lori la Kasulu limeondoka naye asubuhi hii. Nilimpungia sana. Hakuniona, alikuwa bado anakitazama kidole chake.

Mdogo wako, Evaline