Nilichokubali Sibwesa

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mpanda hatujambo, babu yako anakusalimu. Umeuliza kama nabonyeza "nakubali" tovuti zikitaka kunifuatilia. Nabonyeza, ila sielewi.

Miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa kijijini Sibwesa, binti mmoja wa utafiti wa afya alipita na karatasi za maswali. Nilitia sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza, nikamweleza mimba yangu iliyoharibika, siri niliyomficha mama mkwe. Siku chache baadaye muuza dawa nisiyemjua akabisha hodi: "Dada Tabu, ninayo dawa ya kushikilia mimba." Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

Nilimfuata binti yule. "Nisomee nilichokubali."

Akaitazama karatasi, machozi yakamlengalenga. "Dada, hata mimi hicho Kiingereza sikielewi."

Mpaka leo sijui nimlaumu nani.

Bibi yako Tabu