Rangi Uliyokataa Kukwangua

Baba,

Sikuandikii ili nikulilie. Nililia siku ya mazishi, ikatosha. Leo nimeshinda nimepiga magoti sebuleni kwako hapa kijijini Tulia, patasi mkononi, nang'oa vile vigae vinavyozunguka ukuta kwa chini, ile mafundi tunayoiita skating, uliyojivunia. Mama ameomba niiweke upya kabla ya Jumamosi, maana akina mama wa kanisa wanakuja kwa maombi ya kukukumbuka. Wale wale.

Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Ukuta huo chini ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, ile ya kahawia inayong'aa. Nilikuambia tuikwangue kwanza, simiti haishiki kwenye rangi. Ukaniuliza, "Fundi hapa ni nani?" Akina mama hao walikuwa wanakuja kesho yake na ulikuwa na haraka, basi ukabandika juu ya rangi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukuletea maji tu.

Kesho yake, maombi yakiwa katikati, watu wamefumba macho, kigae kikaanguka. Halafu cha pili. Ukacheka, ukasema, "Hiyo ni kazi ya Mwende. Hawa wasichana hata kukoroga simiti hawajui." Wakacheka wote. Nikanyamaza, kwa sababu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya wageni. Tangu hapo hakuna mtu wa Tulia aliyewahi kuniita nimfanyie kazi. Mimi, fundi, natafuta vibarua mpaka Kiboko, ambako hawanijui. Miaka sita, Baba! Neno moja tu lingetosha. Hata kitandani hospitalini, mimi na wewe peke yetu, uliongea habari za mbuzi.

Sasa nimevigeuza vigae vyako. Kila kimoja nilichong'oa kimebanduka na rangi ya kahawia mgongoni. Nilivipanga mezani, Mama akavitazama, akaenda zake jikoni.

Kinachoniudhi zaidi ni mikono yangu. Nimekwangua rangi mpaka plasta, nimeloweka vigae kwenye maji yaliyoletwa na punda, nimevuta uzi, nimeweka njiti ya kiberiti kati ya kigae na kigae. Yote hayo ulinifundisha wewe. Ulikuwa fundi mzuri, Baba, na nimekukosa sana leo nilipokuwa nanyoosha ile kona. Lakini ulijua. Ulijua ni rangi, ukanitupia lawama mimi. Ndiyo maana sijakusamehe.

Kwaheri, lala salama. Ukuta wote umekaa sawa, ila kigae chako kimoja, kile cha kando ya mlango, sijakigusa. Ukikigonga kinacheza. Nakuahidi sitakibandika. Jumamosi, wakishafumba macho, mimi ndiye nitakayefunga mlango, na nitaufunga kwa nguvu. Kikianguka, nitawaambia ni kazi ya nani.

Binti yako,
Mwende