Mposaji Aliyejifunza Kukimbia Polepole

Bi Nasriya mpendwa,

Swali linalonisumbua tangu mwezi wa Shaaban ni hili: je, upole wa mtu waweza kuwa hila? Naomba unisaidie kufikiri, maana mimi ni mwalimu wa chuo na nimezoea kuzipima hoja, lakini hii kila nikiipima hunigeukia. Nimeposwa na Hamoud, ambaye miaka ya tisini alisoma Melbourne pamoja na kaka yangu Msellem, na huko akicheza mpira wa Kiaustralia, ule wa umbo la yai unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, na msimu ukimalizika akishindana mbio fupi. Mwezi huo wa Shaaban alikuja kwetu Ghubra akatusimulia kwamba katika mbio zile mwenye kasi huanzia nyuma na mzito huanzia mbele, waamuzi wakitazama alivyokimbia siku zilizopita, basi yeye msimu mzima alijizuia na kushika mkia hata wakamweka mbele, na siku ya shindano kubwa akafyatuka, asifikiwe na mtu.

"Wakimwita kobe, mama," Msellem alimwambia mama huku akicheka. "Kobe wa Maskati."

Nikamuuliza Hamoud, "Na wale waliokimbia kwa nguvu zao zote?"

"Hao walikuwa nyuma yangu, bibie."

Tangu hapo sina raha, kwa sababu Hamoud hajanikatalia lolote, nikisema nitaendelea na kazi anakubali, nikisema hatutahamia Mabela kwa wazazi wake anakubali, nami nakhofia kuwa haya ndiyo mashindano madogo, na nikaha ndiyo siku kubwa. Huenda namdhulumu, Msellem anasema kwenye mpira hakuwahi kujihurumia, hata mtulinga, mfupa wa begani, ulimvunjika akidaka. Ijumaa wazee wake wanakuja kuchukua jibu.

Aliya, Ghubra

Aliya binti yangu,

Umesoma sana, lakini umemtahini mtu kwa maswali ambayo majibu yake anayajua. Mposaji gani asiyekubali? Shaka yako naiheshimu, ila usiifanye hukumu. Mbioni alikuwa peke yake; kwenye mpira akilegea yeye, anaumia mwenzake. Ndoa iko karibu zaidi na mpira. Mkalishe Msellem faragha umuulize: Hamoud akikosea, alikuwa akimlaumu nani? Akianza mzaha, mnyamazishe.

Ijumaa wazee wapeni kahawa na halua, kisha ombeni muda. Hakuna mposaji aliyekufa kwa kungoja, na namna anavyongoja itakufunza kitu. Masharti yako ya kazi na makazi yatajwe mbele ya wazee na yaingie katika mkataba wa nikaha. Akiguna, umejua mapema.

Moja limenishinda. Aliyeisimulia hila yake mbele ya mama mkwe huenda ameiacha, na huenda bado anajisifia. Nikiisoma barua yako leo namwamini, kesho simwamini, kwa sababu aliyetubu na anayejisifu husimulia kisa kimoja kwa maneno yale yale. Kinachowatenganisha ni wanavyokuwa wakishapata walichokitaka, na hilo, mwanangu, kabla ya nikaha halionekani.