Kompyuta ya Sebuleni Inapoganda

Winnipeg, Kanada
Februari

Mpendwa Baba Mwende,

Kosa wanalofanya watu wengi kompyuta inapoganda ni kudhani kwamba haijasikia. Basi wanabonyeza tena. Wanabonyeza mara ya tatu, wanagongagonga kipanya mezani, na mwisho wanang'oa waya ukutani. Kumbe mashine ilisikia tangu mara ya kwanza. Imelemewa tu, na kila ukibonyeza unaiongezea kazi juu ya ile iliyoishinda.

Nisamehe kuanza na somo kabla ya salamu. Umeniita Mwalimu miaka yote hii ukinitania, sasa vumilia. U hali gani? Dawa ya presha unaimeza asubuhi, au unangoja mpaka kichwa kiume? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayajapatana na baridi ya huku. Binti yetu na mume wake hawajambo. Mjukuu wetu Mumo ameota meno mawili, na kila nikimbeba ananivua miwani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu hatuzungumzi, wewe na mimi. Simu ikilia Mwende huiweka kwenye kipaza sauti hapo jikoni ili sote tusikie. Wewe unauliza kama baridi imepungua, unasema tusimalize kadi ya simu, unakata. Jumapili iliyopita ulinipa habari moja tu.

"Mwalimu, ile mashine yako imekataa kazi tena."

"Ulifanya nini?"

"Nimeibonyeza."

"Halafu?"

"Nikaibonyeza. Haisikii hata kidogo. Nikaing'oa kwa ukuta, nikaifunika na kitambaa chake. Wacha ikae."

Mwende alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, na nitakueleza ni kwa nini.

Nilipokuja kumsaidia na mtoto tulisema nitakaa mpaka atembee vizuri baada ya ule upasuaji wa kujifungua. Sasa anatembea, anakimbia, anafanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana. Mumo ni wangu usiku na mchana. Sisemi kwamba simpendi. Ninamwosha, ninamlisha, ninamwimbia kwa Kikamba ili asije akadhani lugha ni moja tu duniani. Lakini kila nikiuliza habari ya kurudi, Mwende ana jibu. Kwanza ilikuwa mpaka chanjo ziishe. Kisha mpaka baridi ipungue. Juzi alikuwa akikunja nguo za mtoto, nikamuuliza tena.

"Mwaitu, mama, mbona uko na haraka? Hapa unakula, unalala kwa joto. Nani anakusumbua?"

"Niko na nyumba, Mwende."

"Nyumba iko na Baba."

"Baba yako hajui hata chumvi inakaa wapi."

"Basi si angesema? Nilimwandikia kabla ya Krismasi, nikamuuliza kama unaweza kukaa mwaka mmoja zaidi. Hajakataa."

"Hajajibu."

"Sasa si ni kitu kimoja?"

Nikamwambia anionyeshe hiyo barua pepe. Alinionyesha bila wasiwasi, kwa sababu haoni kosa lake. Imejaa picha za Mumo tangu juu: Mumo akioga, Mumo amevaa kofia ya sufu, Mumo kwenye theluji amefungwa kama kifurushi, na kila moja ni kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera. Swali liko chini kabisa, baada ya picha ya mwisho. Ameandika kwamba mimi ninafurahi hapa. Ameandika kwamba kama huna neno, atatafuta namna ya kuongeza karatasi zangu za kukaa, na tiketi ya kurudi tutaiacha iishe.

Tiketi inaisha mwisho wa mwezi wa nne.

Ndiyo maana nikakaa kitako jikoni nikafikiria kompyuta yetu. Nakumbuka nilivyoinunua nilipostaafu, ofisi moja mjini ilipokuwa ikiuza zake kuukuu, na ulivyouliza kama inakamua maziwa. Tangu siku hiyo ilikuwa mashine ya zama nyingine. Kumbukumbu yake ni ndogo. Fikiria meza ya jikoni: ukiweka sahani mbili kuna nafasi ya kukatia mboga, ukiweka sahani ishirini unasimama na kisu mkononi huna pa kukata. Brausa, yaani ile programu unayofungulia intaneti, inataka kuziweka picha zote mezani kwa pamoja kabla haijakuonyesha neno lolote. Nafasi hakuna. Inasimama. Wewe unabonyeza, na kila mbonyezo ni sahani nyingine.

Kwa hiyo mtoto wako alikuuliza jambo, akalifukia chini ya picha za mjukuu wako, na ule ukimya wa mashine akausoma kama ukimya wako.

Sasa sikiliza namna ya kufanya. Siku hiyo usicheze karata. Najua unaufungua ule mchezo wakati unangoja intaneti, halafu unausahau hapo nyuma ukila nafasi. Ufunge. Mwambie Kyalo aondoe picha za magari alizojaza humo, na ule wimbo unaolia kila inapowashwa. Mwanzoni nilimsamehe kwa sababu ni mtoto wa ndugu yako, lakini sasa ana ndevu.

Ikiganda, ondoa mkono kwenye kipanya. Nenda ukaangalie ng'ombe, urudi. Kama bado, bonyeza vitufe vitatu pamoja, Ctrl, Alt na Delete, mara moja tu. Ukivibonyeza mara ya pili itazimika na kuanza upya, na utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Mara moja. Itakuletea orodha ya programu zilizo wazi, na mbele ya brausa itakuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba haijibu. Angalia vizuri neno hilo, Baba Mwende. Mashine yenyewe, pamoja na uzee wake, haisemi kwamba programu imekufa, wala haisemi kwamba imekubali. Inasema haijibu, basi. Binti yetu ana digrii mbili na hajui tofauti hiyo. Ichague hiyo brausa, uifunge, uifungue tena.

Waya usiung'oe tena. Ukiukata umeme ghafla, mashine ni kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Siku nyingine itaamka haikumbuki kitu.

Na kile kitambaa nilichofuma, kiondoe kabla ya kuiwasha. Najua unaifunika kwa heshima, kwa sababu ya vumbi la huko Mumbuni. Lakini nyuma yake kuna feni, na kitambaa kinaziba matundu ya kutolea joto. Mashine ikipata joto inakuwa nzito zaidi. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa.

Halafu kuna jambo lenyewe. Ukiwa umefungua brausa, kabla hujagusa barua ya Mwende, tazama juu utaona neno Tools. Bonyeza hapo, shuka mpaka Internet Options, kisha ukurasa ulioandikwa Advanced. Kuna orodha ndefu. Shuka nayo polepole mpaka Show pictures. Kando yake kuna alama ya vema. Iondoe, kisha ukubali. Sasa fungua barua. Mahali pa picha utaona visanduku vitupu, kila kimoja na kialama kidogo pembeni. Usiogope, hujaharibu kitu. Shuka navyo mpaka chini, na hapo yatakuwepo maneno.

Najua itakuuma kumfunga mjukuu wako kwenye visanduku. Unaweza kumfungua baadaye, picha moja moja, kila moja na muda wake. Hatakimbia. Mimi ndiye muda wangu unakwisha.

Usiniambie kwamba utakwenda saiba mjini, kwenye zile kompyuta za kulipia. Nakumbuka ulivyorudi siku ile kijana wa pale alipokusomea barua yangu kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu, habari ya tezi yako na yote, na Jumapili mzee wa kanisa akakuombea kwa jina. Jambo hili ni letu, lisomewe nyumbani.

Utauliza kwa nini sikukwambia haya kwenye simu. Ningesemaje, Mwende amesimama kando na chupa ya maziwa mkononi? Na wewe ungejibu, "Haya, mtaelewana." Hivyo ndivyo ulivyojibu alipotaka kuolewa mbali, na alipotaka nije. Umekuwa mtu wa amani, na amani yako imenifikisha hapa.

Nitakwambia na hili, ingawa nilikuwa nimeamua kulimeza. Mwezi uliopita walikuja wageni, akina mama wenzake wa kanisa la hapa, watu wa kwetu. Mmoja, mwenye mdomo mzuri na viatu vya ndani ya nyumba alivyokuja navyo kwenye mfuko, akamwambia Mwende, "Wewe umebarikiwa. Sisi tunahangaika na walezi, wewe umejiletea wako kutoka nyumbani."

Mwende akasema, "Na haombi likizo."

Wakacheka. Nilikuwa mlangoni na kitambaa cha kumfutia mtoto matapishi. Nilifundisha watoto wa watu kusoma na kuandika tangu nikiwa msichana, na nikastaafu kwa sherehe ambayo keki yake ulikata wewe mwenyewe. Nikafuta nilichokuwa nakwenda kufuta. Usiku, kabla ya kwenda zamu, Mwende akaja kitandani kwangu akasema ulikuwa mzaha tu, nisikasirike. Nikamwambia sijakasirika. Ulikuwa uongo, na alijua ni uongo, na asubuhi aliporudi alikwenda kulala, akaniachia mtoto kama kawaida.

Usidhani kwamba ni mtoto mbaya. Amechoka. Akirudi asubuhi ana weusi chini ya macho, anakula uji amesimama. Mume wake ni mpole, anafanya kazi mbali, anarudi mwisho wa juma. Nikiondoka wataumia kwa muda, najua. Lakini wao wana miaka ya kuumia na kupona. Mimi sina miaka ya kugawa. Nataka kupanda mbaazi zangu mvua ikianza. Nataka kukasirika na wewe nikiwa chumba kimoja na wewe.

Basi ukimjibu, usimgombeze, wala usimwambie nimelalamika. Ataniuliza, nami nitamwambia kweli. Wewe andika sentensi moja inayotoka kwako, kwamba unataka mke wako arudi kabla tiketi haijaisha. Iandike kama ni kweli. Hapo ndipo somo langu linapokwama, kwa sababu kuhusu mashine najua, lakini wewe nimekaa nawe nusu ya umri wangu na bado sijui. Inawezekana umezoea nyumba ilivyo. Inawezekana Mama Ndunge wa ng'ambo ya barabara anakuletea muthokoi kila jioni na chumvi yake imo tayari. Kama ni hivyo, liandike hilo pia. Nimekaa hapa nikisoma ukimya wako, nimeusoma kila namna, na siwezi kumlaumu Mwende kwa kuusoma namna anayoipenda.

Nisalimie dada yako wa Katangi, umwambie kitenge alichonipa ndicho ninachombebea mtoto, na watu wa hapa hugeuka njiani kutazama. Msalimie Kyalo, na nimesema atanyoa ndevu au ataondoa magari, achague. Mama Ndunge mshukuru kwa muthokoi. Mwambie vyombo nitamrudishia mimi mwenyewe.

Barua hii nitaipeleka posta kwa miguu, Mumo mgongoni. Njia wameikwangua theluji. Sijui itachukua muda gani kufika, kwa hiyo ikifika usiiweke kwenye kabati ya sahani pamoja na zile nyingine usizozijibu. Leo hii zima picha, shuka mpaka chini, umjibu mtoto wako.

Mkeo,
Mama Mwende